Ombi la Kufunga Jiji la Lisambwe kwa Sababu ya Mashimo ya Bibi

Chumba cha nyuma,
Kwa Mzee Alphonce,
Milimani, Mbinga.

Kwa Mheshimiwa Meya Cuthbert,
Jiji la Lisambwe,
Jamhuri ya Umbande.

Mheshimiwa Meya, shikamoo, ingawa umri wako nilikupangia mwenyewe.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: si mama, si padri kwenye kitubio, si rafiki yangu Gaudiosa ambaye hunieleza yake yote hadi yale nisiyotaka kuyasikia. Nina jiji. Wenzangu wa kidato cha tatu wana simu za kuazima na vikaratasi vya mapenzi ndani ya viatu. Mimi nina jiji zima, lina bandari, na wewe ndiye meya wake.

Nililianzisha kidato cha kwanza, siku mwalimu aliponisimamisha mbele ya darasa nijitambulishe kwa Kiingereza. Kiingereza kilinitoka vizuri tu mpaka nilipofika mahali pa kusema natoka wapi. Baba yangu ni Mmatengo wa kahawa na mahindi. Mama yangu ni Mnyasa wa Lituhi. Huku milimani wananiita mtoto wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Nikienda Lituhi likizo, watoto wa mjomba wananisukuma ziwani na kuniambia, "We mtu wa mlimani, usiogope, hayo ni maji tu." Basi siku ile nilibaki nimefungua mdomo, darasa zima linasubiri, na kichwani mwangu jiwe la msingi la Lisambwe likawekwa bila sherehe.

Naomba nilieleze jiji lako kwa kifupi, maana nasikia mameya hawana kawaida ya kutembelea mitaa yao.

Lisambwe liko pale ambapo mlima unatia miguu ziwani, kiasi kwamba mtu anaweza kuchuma kahawa na kutupa wavu bila kubadilisha viatu. Wamatengo wanakaa juu, Wanyasa ufukweni, Wampoto katikati. Wangoni wako uwandani, wanacheza ngoma tangu jiji lilipoanza na hawajaruhusiwa kupumzika. Kanisa la Wakatoliki na la Waanglikana yanatumia ukuta mmoja, na kengele zinapokezana kama watu wenye adabu. Kuna wageni pia. Wasirira walishuka melini na hawataki kusema meli ilitoka wapi. Wandogali wanalala sokoni mchana kutwa na bado wanauza kuliko wote. Malori ya makaa ya mawe, kama yale ya Ngaka, hupunguza mwendo penye nguo zilizoanikwa. Halafu kuna mtaa wa wanaosema Kiingereza. Hao wote wamevaa sare. Kila asubuhi wanaulizana njia ya kwenda posta, wanaelekezana kwa sentensi kamili, wanashukuriana, na hakuna anayekwenda posta. Hicho ndicho Kiingereza nilichofundishwa, nikawapa chote.

Watu wote hao, Mheshimiwa, na hakuna aliyewahi kumtukana mwenzake. Nilikuwa najivunia sana. Sasa nina malalamiko, na ninayaandika kwa namba ili usiseme hukuyaona.

1. Kuhusu Sheria ya Kukataza Swali.

Kwa sheria ya kwanza ya jiji lako ni marufuku kumwuliza mkazi, "Kwenu wapi?" Anayeuliza anafagia soko. Niliitunga mwenyewe, nikaona nimemaliza. Mwezi wa kwanza mwaka huu maji ya ziwa yaliingia nyumbani kwa Bibi Lidia, mama yake mama, huko Lituhi. Akaja kukaa nasi, na kitanda chake kikawekwa chumbani kwangu. Jirani wa kwanza kumwona alimwuliza palepale barabarani, "Bibi, shikamoo, kwenu wapi?" Nilifumba macho kwa niaba yake.

Bibi akajibu kwa sauti ya kutosha kuvuka bonde, "Marahaba! Kwetu Lituhi, mwanangu. Maji yamefika mpaka kwenye mafiga. Samaki siku hizi wanakuja kupikwa wenyewe."

Jirani alicheka mpaka akashika mti. Akaondoka, akarudi na mkungu wa ndizi. Mheshimiwa, miaka yote hii nimeishi chini ya ulinzi wa sheria yako, na hakuna mtu aliyewahi kuniletea ndizi.

2. Kuhusu Wanyasa wa jiji lako kutokuwa na la kusema.

Nyumbani tunaongea Kiswahili, na baba na ndugu zake wanaongea Kimatengo. Kinyasa changu ni salamu na majina ya samaki. Sikujua kuwa hilo ni tatizo la kiutawala. Bibi anajua Kiswahili vizuri, cha kanisani na cha sokoni, lakini jioni akichoka anarudi kwenye Kinyasa chake kama mtu anayevua viatu. Nilitaka kumjibu. Nikakimbilia Lisambwe kuazima maneno, maana Wanyasa wako ni wengi wamejaa ufukwe mzima. Ndipo nilipogundua kwamba wanasalimiana, wanatajiana samaki, kisha wanasalimiana tena. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake kitu kingine. Wangejua wapi, na mimi sijui?

Basi jioni moja nilimwambia Bibi, usipa. Jioni nyingine, mbasa. Nyingine, magege. Bibi alinitazama kwa huruma, akamwita mama kutoka jikoni.

"We mama Hedwiga! Huyu mtoto mnamlisha lakini? Kila jioni ananitajia samaki."

Kesho yake mama alinunua usipa. Nilikula kwa aibu. Walikuwa watamu.

(Samahani kwa mwandiko hapa. Nilisikia miguu nikaingiza karatasi chini ya godoro. Kumbe ni mama, anatafuta chujio. Ameniuliza mbona niko ndani mchana kutwa. Nimesema nasoma. Amesema, "Soma, mwanangu.")

3. Kuhusu jiji zima kutokuwa na shimo hata moja.

Hili huwezi kulielewa bila kuelezwa, kwa sababu sikukuletea. Shamba letu liko kwenye mteremko ambao mbuzi huuchungulia kwanza. Sisi tunalima ngolo. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mteremko mzima. Wanawake wanamwaga maharage, halafu wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Yanabaki matuta yamezunguka mashimo, ukiwa ng'ambo ya bonde unaona kama sega la nyuki. Maharage yanaota kwenye tuta. Shimoni hatupandi kitu. Kazi ya shimo ni kukamata maji ya mvua yasikimbie na udongo. Mmatengo haelezwi mambo haya. Anazaliwa nayo kama alivyozaliwa na mgongo, na mgongo ndio unaoumia.

Mimi ile kazi siipendi. Kwa hiyo miteremko ya Lisambwe niliifanya laini kama shuka, na Wamatengo wako wanavuna bila kulima. Ndiyo maana nilipohitaji bwana shamba mmoja, mmoja tu, wa kumtuma kwa Bibi, ofisi yako haikuwa naye.

Unaweza kuuliza kwa nini baba hakumwelekeza. Baba anamheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba hamtazami usoni. Akitaka kumwambia jambo anaukabili ukuta, anauambia ukuta, mama anaokota maneno na kuyafikisha. Mambo ya kuambiwa ukuta ni machache. Wengine wote, kwa heshima hiyohiyo, walimwambia Bibi neno moja, "Pumzika, mama." Akapumzika mpaka akaumwa na kupumzika. Siku moja sisi tuko shule, mama yuko gulioni, Bibi akavaa mabuti ya mvua ya baba, akachukua jembe, akapanda shambani kusaidia.

Akakuta mashimo.

Kwao Lituhi shamba ni la mchanga na tambarare, na shimo lililoachwa wazi ni la kumvunja mtu mguu. Maharage yalikuwa bado hayajachipua. Akaamini ameona kazi iliyoachwa njiani na mkwe mvivu, ambaye yeye kama mama mkwe hawezi kumsema kwa heshima. Akavuta matuta yakarudi shimoni, akasawazisha kwa mgongo wa jembe, safu zote za chini. Aliporudi alisema amewafichia watoto hatari. Alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu aje.

4. Kuhusu Idara yako ya Ukalimani.

Hapa naomba ukae chini, Mheshimiwa.

Amani ya Lisambwe inatoka kwenye jengo moja lenye madirisha yanayotazama mlima na ziwa kwa pamoja. Neno lolote analosema mtu kuhusu watu wa kabila lingine linapita humo kwanza, na likitoka ni sifa. Mndogali akisema kahawa ya mlimani ni chungu kama dawa, Mmatengo anaambiwa kahawa yake imemponya mgeni. Msirira akisema bandari inanuka, Mnyasa anaambiwa harufu ya nyumbani kwake imemgusa mtu moyoni. Wanapeana mikono, wanakwenda zao. Ukweli ni kwamba hakuna mkazi wa Lisambwe aliyewahi kusikia mwenzake kasema nini. Wewe unaita hilo mshikamano wa makabila, na umelihutubia mara nyingi.

Jioni ya siku ile tulikuwa sengu, yaani pale uani kwa baba mkubwa Tarsisi ambapo ukoo wetu unakula pamoja na kusemezana. Habari ilishafika. Baba mkubwa akaosha mikono, akasema kwa Kimatengo, polepole, kama mtu anayetangaza tanzia, "Jamani, mama mkwe katuzikia shamba. Msalaba tuchonge wenyewe."

Watu walicheka mpaka kuku wakaondoka. Hata baba alicheka, ameinamia sahani ili mama mkwe asione meno yake. Mama hakucheka. Bibi alicheka kuliko wote, kwa sababu ni mgeni mwenye adabu na wenyeji walikuwa wanacheka. Halafu akaniinamia sikioni.

"Mjukuu wangu, wanasemaje?"

Idara ilifanya kazi yake upesi sana. Sikuona hata faili likipita mezani. Nilimwambia, "Bibi, wanasema hawajawahi kuona mzee mwenye nguvu namna hii."

"Ah!" Bibi akaukumbatia mguu wake kwa raha. "Basi kesho naamkia safu za juu."

Mama alituona tukinong'ona, akaamini nimemweleza. Nilisema moyoni nitamwambia ukweli asubuhi. Asubuhi alikuwa ameshatoka, na mimi nikaenda shule. Kipindi cha kwanza kilikuwa Jiografia. Somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko, kwa Kiingereza. Niliandika yote. Mwalimu alinipa vema mbili.

Jumamosi mvua ilinyesha ile ya kupiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Kulipokucha, shamba letu lilikuwa limehama. Lilikuwa limeshuka lote na kulala juu ya maharage ya baba mkubwa Tarsisi, bondeni.

5. Kuhusu ukimya wako.

Jana tuliitwa sengu, na hakuna aliyekula. Baba mkubwa aliongea Kiswahili safari hii, ili Bibi asikie mwenyewe.

"Mama, sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na udongo wa Alphonce, uliokuja kulala kwangu bila kupiga hodi. Ila nataka kujua jambo moja. Siku ile tuliongea hapa, tukacheka hapa, wewe ukiwepo. Nani alikwambia uendelee?"

Nilikutazama, Mheshimiwa Meya. Una mkufu wa dhahabu. Una sauti niliyokupa, ya mtu anayetangaza ndoa kanisani. Umehutubia makabila yote ya jiji lako na meli mbili za wageni. Nilikungoja useme neno moja. Ulitazama viatu vyako. Wandogali walilala. Wale wa posta waliendelea kuelekezana.

Bibi alinitazama mara moja. Halafu akatazama mikono yake.

"Nilijituma mwenyewe, baba. Mikono ni yangu na akili ni yangu. Nimemharibia mwanangu mji wake." Akageuka kwa mama. "Kesho kutwa asubuhi kuna gari la Lituhi. Nitarudi."

Mama akasema, "Mama, kule si kuna maji ndani?"

"Maji nayajua," Bibi akasema.

Baba aliugeukia ukuta. Akaegemeza paji la uso hapo, mama akiwa anasubiri maneno ya kuokota.

Kwa kuzingatia hayo yote, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Jiji la Lisambwe lifungwe leo kabla ya jua kuzama. Wageni warudi melini. Wangoni waruhusiwe kukaa chini. Kuta, bandari na kengele virudishwe kichwani mwangu vikiwa safi.

(b) Idara ya Ukalimani ikamatwe yote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, iletwe milimani kwetu chini ya ulinzi, na kila mtumishi akabidhiwe jembe.

(c) Bibi Lidia apewe nyumba Lisambwe, pale mlima unapogusa ziwa, maji yaishie kizingitini, na kusiwe na shimo la kumkosesha usingizi. Natambua kwamba (c) inapingana na (a). Jiji lako halijawahi kuzuiwa na jambo dogo kama hilo.

(d) Wewe mwenyewe ufike kwa baba mkubwa Tarsisi kesho alfajiri, umweleze nani alimwambia Bibi aendelee. Usije na hotuba. Njoo na jina.

Nikusihi usiichukulie barua hii kama ya mtoto. Nilikuteua, naweza kukutengua.

Nisalimie mke wako, ambaye bado sijampa jina na naomba radhi kwa hilo. Wasalimie Wampoto wa katikati, ambao hawajawahi kunisumbua. Wasalimie wauza samaki, uwaambie waongeze maneno. Wasalimie na wale wanaoulizia posta. Ikitokea mmoja wao akaipata, mpe barua hii aipitishe huko.

Ni mimi ninayekulalamikia kwa heshima zote,

Hedwiga Alphonce,
Mwanzilishi.

N.B. Nilikuwa nimeshakunja karatasi nilipokumbuka jambo linaloharibu barua yote. Idara ya Ukalimani haina mkurugenzi wala mfagizi. Ina mtumishi mmoja, na sare yake ni ya kidato cha tatu. Na Bibi, alipotazama mikono yake pale sengu, alikuwa anamficha mtumishi huyo. Alikumbuka vizuri nani alimwambia nini. Alilibeba kosa ili nisitazamwe na watu, kwa sababu anajua siwezi kutazamwa na watu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, huna kosa. Futa (a), wakazi walale kwa amani. Futa (b), isipokuwa jembe. Futa (d), kwa baba mkubwa nitakwenda mimi, na jina ninalo. Na (c) ifute kabisa kabisa. Sitaki Bibi aende Lisambwe, atakaa na nani huko ila watu wanaomtajia samaki? Namtaka hapa, kwenye kitanda hiki cha pili, pamoja na kukoroma kwake.

Mashimo yanachimbika tena. Mbegu mama anayo kidogo. Kuchimba naijua, ingawa nilikwambia siipendi, na kumwonyesha mtu kuchimba hakuhitaji Kinyasa wala Kimatengo. Sijui kama hilo linatosha kumzuia mtu asipande gari.

Nasikia mabuti ya baba uani. Bibi anarudi kutoka kuwaaga majirani. Yanampwaya, kila hatua yanapiga makofi. Siku zote nikisikia hivyo karatasi inaingia chini ya godoro. Bibi anasoma Kiswahili vizuri, kwa kidole na kwa sauti. Nimezikunjua tena kurasa zote, nimezitandaza kitandani kwake, juu ya kanga alizokwisha kufunga. Huu wa mwisho nauandikia papo hapo, nimepiga magoti, na makofi yamefika mlangoni.

Karibu, Bibi. Anza na namba nne.